Kujitesa Si Utakatifu

Imani moja imekaa makanisani mwetu muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeuliza ilitoka wapi: kwamba Mkristo wa kweli ni yule asiyejionea huruma. Akianguka, ajisute kwa miezi. Akichoka, aufiche uchovu wake. Anayesema amekosa, ametubu na sasa anaendelea na maisha hutazamwa kwa jicho la pembeni, kana kwamba toba yake ilikuwa fupi mno. Mimi nasema ukali huo hauna unyenyekevu wowote ndani yake. Ni kiburi kilichovaa gunia na majivu, kwa sababu anayeendelea kujihukumu baada ya Mungu kumsamehe amejifanya mahakama ya rufaa juu ya Mungu.

Kuna kisa ambacho wahubiri wengi hukifikisha nusu tu. Katika sura ya 12 ya Samweli wa Pili, Daudi amekwisha kuzini na Bathsheba na kumuua mumewe Uria kwa mikono ya watu wengine, na nabii Nathani anamweleza ukweli usoni. Daudi hajitetei; anakiri. Mtoto anaugua, baba anafunga na kulala chini mpaka siku ya saba, siku ambayo mtoto anafariki. Watumishi wanaogopa kumpa habari wakidhani atajidhuru. Yeye anainuka, anaoga, anajipaka mafuta, anabadili nguo, anaingia nyumbani mwa Bwana kuabudu, kisha anaomba chakula. Watumishi wanastaajabu, na sisi tungestaajabu pamoja nao. Tungemtaka abaki chini mwaka mzima ndipo tuamini kwamba ametubu. Matokeo ya dhambi yake hayakufutwa, na sura zinazofuata zinaonyesha jinsi nyumba yake ilivyosambaratika. Lakini hakuna mstari unaomlaumu kwa kuoga na kula. Kilichomhusu Mungu kilikwisha pale alipokiri, na Daudi hakukiongezea chake.

Kanisa lenyewe lililipia somo hili gharama kubwa. Martin Luther, akiwa mtawa kijana Erfurt, aliungama mara kwa mara na kwa muda mrefu mno, akichimbua kila wazo lililopita kichwani. Mkuu wake, Johann von Staupitz, hakumtaka achimbue zaidi. Alimtaka aache kujitazama, amtazame Kristo msalabani. Mwaka 1522, mjini Manresa nchini Hispania, Inyasi wa Loyola alifika pabaya zaidi. Alikuwa ameungama dhambi za maisha yake yote, lakini akarudi kuziungama tena na tena, akafunga chakula wiki nzima, akajiwa na wazo la kujiua. Alipona alipoamua kutoziungama tena dhambi za zamani. Miaka ishirini na sita baadaye, mwaka 1548, alimwandikia Francis Borgia, mtawala wa Gandia, akimtaka apunguze kufunga na kujipiga, kwa hoja kwamba mwili ni mali ya Muumba na mtu atautolea hesabu. Luther na Inyasi ndio waliokuja kuwa alama za pande mbili za mfarakano mkubwa wa Kanisa la Magharibi. Karibu kila kitu kiliwatenganisha. Kwamba kujitesa hakumletei mtu amani na Mungu, wote wawili walilijua kwa uchungu.

Wapo wanaosema huruma kwa nafsi ni saikolojia ya Wazungu iliyopakwa rangi ya dini. Lakini agizo la kumpenda jirani kama nafsi yako limo katika Mambo ya Walawi 19:18, na kipimo chake ni nafsi ya anayeambiwa. Yoshua bin Sira, karne ya pili kabla ya Kristo, aliuliza mtu aliye mbaya kwa nafsi yake atakuwa mwema kwa nani. Ikiwa wanasaikolojia wa leo wamefika hapo, wamefika wakiwa wamechelewa.

Pingamizi zito ni la uzembe: ukimruhusu mtu ajihurumie, atazoea dhambi. Hoja hii ina sura ya busara, ila inadai jambo linaloweza kupimwa, na limepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waliwafuatilia wanafunzi walioahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza. Waliojisamehe kwa uahirishaji ule walipunguza kuahirisha kabla ya mtihani wa pili. Mwaka 2012, huko Berkeley, Juliana Breines na Serena Chen waligundua kwamba wanafunzi walioelekezwa kujihurumia baada ya kushindwa jaribio walitumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa jaribio lililofuata. Mtihani si dhambi, nakubali. Lakini anayedai kwamba mjeledi ndio unaomrekebisha mtu ndiye sasa anayedaiwa ushahidi. Wala tusichanganye jambo hili na neema rahisi aliyoishambulia Dietrich Bonhoeffer mwaka 1937: alichokilaani ni msamaha usio na toba. Mimi nazungumzia aliyekwisha kutubu.

Wengine watafungua Luka 14:26, pale Yesu anapotaka mfuasi wake aichukie hata nafsi yake. Basi na tuusome mstari wote. Umemtaja baba, mama, mke, watoto na ndugu kabla ya kufika kwenye nafsi. Hakuna muumini anayetoka ibadani akaenda kumtukana mama yake na kumnyima chakula kwa jina la ufuasi. Kwa mama tunaelewa mara moja kwamba Yesu anapanga nani awe wa kwanza. Inakuwaje tukifika kwenye neno la mwisho la orodha ileile ndipo tunasoma kwa ukali wa herufi?

Jibu, nadhani, ni kwamba usomaji huo una faida kwa baadhi ya watu. Mama anayeuguza mkwe, anayeongoza jumuiya, anayepikia wageni wa semina na kupigwa nyumbani huambiwa abebe msalaba wake. Ni nadra kusikia msalaba huo ukipelekwa kwa anayempiga. Mkristo akisema rehema ni tunu yake, halafu akamtoa mtu mmoja katika rehema hiyo, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe, ameifanya tunu hiyo kuwa upendeleo, na upendeleo haukosi kuwaumiza walio karibu. Mzazi asiyejisamehe kosa dogo hawezi kuvumilia kosa dogo la mwanawe.

Vivyo hivyo kuhusu uchovu: katika Marko 6, mitume wanarudi wakiwa hawana hata nafasi ya kula, na Yesu anawaita kando wapumzike. Watetezi wa uchovu mtakatifu hukimbilia aya zinazofuata: umati uliwatangulia, na Yesu akauhurumia, akaufundisha. Ni kweli. Ila wangesoma kidogo mbele. Mara baada ya kuwalisha watu wale, akiwa bado hajamaliza kuaga umati, aliwalazimisha wanafunzi wapande chomboni waondoke, naye akapanda mlimani kuomba, peke yake.