NESI NA HESABU ZA NYUMBANI (4): PS siyo rahisi kama mnavyoambiwa

Wamama na wababa wa inboksi, wiki nzima mnaniandikia neno moja: "Nesi, mtoto anataka gemu. Bora PS, kompyuta ghali."

Nani kawaambia? Muuzaji. Na muuzaji anawatajia hela ya kufungua faili tu. Sisi wa wodini tunajua, bili yenyewe inakuja vipimo na dawa vikishaingia.

Haya, tuhesabu. PS5 isiyo na sehemu ya CD ilitoka Novemba 2020, dola 399 huko Marekani. Kwa hela hiyo hupati kompyuta mpya yenye nguvu ile ile. Hapo muuzaji kasema kweli.

Lakini gemu nyingi za kununua, mtoto akitaka kucheza na wenzake mtandaoni, lazima ulipie PlayStation Plus. Tangu Septemba 2023 kifurushi cha chini kule Marekani ni dola 79.99 kwa mwaka. Mara miaka mitano, karibu dola 400. Yaani umenunua mashine ya pili ambayo huioni! Kwenye kompyuta ada hiyo haipo.

Bado gemu zenyewe. Gemu kubwa mpya ya PS5 ni kama dola 70, na mashine isiyo na CD huwezi kuazima kwa jirani wala kununua iliyotumika. Kompyuta ina maduka mengi ya mtandaoni yanayogombania hela yako, punguzo haliishi.

Tena kompyuta hiyo hiyo mtoto anafanyia kazi za shule, baba anaandikia CV. Ya mezani ikichoka, unabadilisha kadi ya grafiki, hununui upya yote.

Msinielewe vibaya. Mtoto wa Fortnite tu, ambayo ni bure na haidai Plus, PS inamtosha. Mna PS ya CD na mnabadilishana mtaani? Mmeshinda. Na ukiuziwa laptop ya ofisi kwa jina la gemu, umepigwa.

Ninachokataa ni kumwambia mama wa mshahara mmoja "hii rahisi", halafu unamwachia ada inayogombana na ada ya shule.

Kabla hujatoa hela muulize: "Kwa miaka mitano nitalipa nini tena?" Akibabaika, funga pochi, nenda zako.

Sehemu ya 5 kesho: mtoto akae mbele ya skrini saa ngapi. Mtumie mwenzio kabla hajaenda dukani.