Ordinateri inaweza kujua mbele hukumu ya Walikale?

Msikilizaji, katika nchi zingine ordinateri zinasaidia siku hizi kukadiria hukumu. Zinasomeshwa maelfu ya kesi zilizokwisha kukatwa, kisha zinasema kesi mpya inaweza kuisha namna gani. Marekani, kuna majaji wanaoangalia alama za programu inayoitwa COMPAS, inayokadiria kama mtu atarudilia kosa. Ufaransa, sheria ya 2019 ilikataza kutumia majina ya majaji ili kutabiri wataamua nini.

Na kwetu huku, Masisi na Walikale, ingefaa?

Tuchukue kesi moja tunayoijua wote. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi vilishambuliwa, Luvungi ikiwemo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kibali cha kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka kilitoka Januari 2011. Mwaka uleule akagombea ubunge. Alijitoa mikononi mwa MONUSCO mwaka 2017, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Miaka kumi ilikuwa imepita.

Sasa, ordinateri inasoma paka kile kilichoandikwa. Mama aliyenyamaza juu ya haya, ama aliyekosa pesa ya kufika kortini, hayumo ndani ya hesabu yake. Basi itachukua kimya chetu kama amani.

Haina maana kwamba teknolojia tuitupe. Bukavu, mwaka 2018, picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness, yenye kuandika saa na mahali, zilitumika kortini juu ya mauaji ya Kalehe ya 2012. Makamanda wawili wa FDLR wakahukumiwa. Pale mashini haikutabiri kitu. Ililinda ushahidi.

Kwetu kazi inaanzia pale: kuandika kila tendo, tarehe na mahali, kuficha jina la mwathirika, na kuhifadhi dosie zaidi ya mahali pamoja. Mwaka 2025, M23 iliingia Masisi-centre na Goma mwezi wa kwanza, Walikale-centre mwezi wa tatu. Vita havingojei karani afunge kabati. Na dosie ikipotea, si ordinateri wala jaji atakayejua kulikuwa kesi.