Adabu si Adili

Wako wafundishao maadili ambao huyatumia maneno adabu na adili kana kwamba ni pacha. Mimi sikubali. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayakuja na mzigo mmoja. Adabu ni mwenendo mwema mbele za watu: kuamkia wakubwa, kungoja zamu ya kusema. Adili ni unyofu na haki, hata pasipo mtu wa kutazama. Karani apokeaye rushwa kwa mikono miwili na kushukuru kwa upole ana adabu; adili hana.

Hatari ya kuyachanganya haiishi katika kamusi. Mwanafunzi aonaye mkubwa wake akidhulumu, naye akanyamaza, husifiwa kuwa ana adabu. Asemaye huitwa mtovu wa adabu, na shauri hukatwa papo hapo bila kuulizwa kama alilosema ni kweli. Hivyo neno jema hufanywa kufuli la kinywa.

Shaaban Robert hakuyachanganya. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha sheria. Ajitetea barazani kwa maneno ya heshima, wala hafichi dhuluma waliyotendewa wajumbe waliotangulia. Adabu yampa namna ya kusema. Adili yamlazimisha aseme.

Basi atakayeandika juu ya maadili na ayatenge kwanza maneno haya. Adabu yaweza kutufunza jinsi ya kumwambia mkubwa kweli. Haina mamlaka ya kutuamuru tuifiche.