Moteri tano hazimwokoi mtu asiye na jile

Goma – Mpenda boti akifungua simu yake siku hizi, hakosi kukutana na video za boti za Florida, kule Marekani. Ni boti ndefu, usukani uko katikati, na nyuma zimepangwa moteri nne au tano. Wenye kuzisifia wanabishana usiku na mchana: moteri ngapi zinatosha? Kitanda na hewa baridi vina kazi gani kwenye boti ya kuvulia? Mtu wa Ziwa Kivu akiwasikiliza anaweza kutoka na wazo moja la uongo, kwamba usalama majini ni mali ya tajiri, na maskini amwachie Mungu.

Boti hizo zilianza kama vyombo vya wavuvi. Usukani uliwekwa katikati ili mvuvi aweze kuzunguka pande zote akifuata samaki wake. Leo kuna zinazopita futi 60. Mwaka 2021 kampuni ya Mercury ilitoa moteri ya nyuma yenye nguvu za farasi 600. Zikifungwa tano, ni farasi 3,000 kwenye boti ya kutembelea siku ya mapumziko! Hata kati ya wapenzi wa boti wapo wanaouliza mvuvi amebaki wapi.

Lakini nguvu hizo zote hazimzuii mtu kuzama. Ndiyo maana sheria ya Marekani inamlazimisha hata tajiri huyo awe na jile moja kwa kila mtu aliye ndani ya boti. Boti ndogo za moteri, za chini ya futi 20, zinatakiwa kuwa na kibao kinachoonyesha mwisho wa watu na wa uzito, na kutengenezwa ili zikijaa maji zisizame. Mwaka 1961 Richard Fisher, mwanzilishi wa kampuni ya Boston Whaler, alionyesha watu boti yake ikikatwa katikati kwa msumeno. Nusu zote mbili zilielea, kwa sababu ndani mlijazwa povu gumu. Kibao, povu na jile havihitaji moteri tano.

Hapa Kivu, mwenye dola anapanda kano rapidi kutoka Goma hadi Bukavu. Mama wa Minova mwenye gunia la maharagwe anapanda boti iliyopo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Barabara ilikuwa imekatwa na vita. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278, na makumi ya watu walipoteza maisha. Boti ile haikukosa moteri, kwani moteri ilikuwa imeshaifikisha karibu na bandari. Ilikosa mtu wa kusema kule ilikotoka: imejaa, haiondoki.

Amri haikosekani. Aprili 2019, baada ya boti nyingine kuzama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile. Wenye boti wanajibu kwamba jile ni ghali na kodi za bandarini ni nyingi. Kodi ni nyingi kweli. Lakini anayepata pesa ya kununua moteri ya pili hawezi kusema amekosa ya jile. Wakubwa wa bandari nao wanasingizia vita. Vita vinafunga barabara, ila kuhesabu watu wanaopanda boti ni kazi ya mtu wa bandari, na mshahara huo anauomba kila mwezi.

Wapo pia wanaowalaumu abiria: kwa nini wanapanda boti iliyojaa? Mama aliyekimbia na watoto wanne, bunduki zikilia nyuma yake, hawezi kuambiwa asubiri boti ya kesho. Lawama isianzie kwake.

Kinachotakiwa ni kidogo. Kila boti ichorwe mstari wa rangi ubavuni, na mstari ukifunikwa na maji, kamba isifunguliwe. Kila abiria avae jile kabla ya kuondoka, si kuiona imefungwa juu ya paa. Orodha ya wasafiri ibaki bandarini, na mtoto aandikwe kama mtu mzima. Wenye boti na wasimamizi wa bandari za Kituku, Minova na Bukavu wanaweza kuanza kesho asubuhi, bila kungoja vita viishe.