Maneno ya Mhusika, Kinywa cha Jirani

Jioni, umeme usipokatika, runinga za Katubuka huwa na watazamaji wengi kuliko viti. Watoto wa jirani husimama dirishani; mama mwenye nyumba husonga ugali huku sikio lake likiwa sebuleni. Mhusika mkuu wa tamthilia anapokaribia kutamka kile kibwagizo chake cha kila wiki, chumba kizima humtangulia. Kesho yake maneno yaleyale husikika sokoni, katika kijiwe cha bodaboda na kwenye foleni ya zahanati, yakitamkwa na watu ambao pengine wamekwisha sahau kisa chenyewe kilihusu nini.

Wataalamu wa afya huitazama hali hiyo kwa wivu kidogo. Muuguzi hutumia nusu saa kuwaeleza kina mama dalili za hatari katika ujauzito, na kabla hawajafika getini sehemu kubwa ya maelezo imekwisha potea. Mchekeshaji ana maneno manne tu, nayo hudumu miaka kumi. Si ajabu, basi, kwamba elimu ya afya nchini imekuwa ikitafuta maneno machache yanayonata. Kampeni ya redio ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, ilijulikana kwa maneno matatu tu: Mtu ni Afya. Wazee wengi bado wanayakumbuka.

Hata hivyo, kaulimbiu na kibwagizo ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kumeigharimu elimu ya afya. Kaulimbiu huandikwa ili isikike. Kibwagizo husemwa na mtu fulani, mwenye tabia inayojulikana, katika tukio ambalo mtazamaji analitambua. Ndiyo maana mtazamaji naye hukitamka siku tukio la namna hiyo linapomfika.

Mifano ya nyumbani ipo. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, ambao uliendelea kwa miaka mingi. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, ambaye hatimaye alichoka na kuanza kujitegemea, walikuwa kama watu wa mtaani. Kwa miaka miwili ya mwanzo wakazi wa eneo la Dodoma hawakurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha. Matokeo yalionyesha kwamba mahali uliposikika, watu walizungumza zaidi na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango, na matumizi ya njia hizo yakaongezeka. Neno la kuzingatia hapo ni “walizungumza”. Pengine si kila msikilizaji alijifunza jambo jipya kuhusu vidonge. Lakini Mkwaju na Tunu waliwapa wanandoa mahali pa kuanzia mazungumzo ambayo yangeonekana ya aibu kama yangeanzia kwao wenyewe.

Kisha akaja Fataki. Kati ya mwaka 2008 na 2011 redio za Tanzania zilirusha michezo mifupi kuhusu mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana kwa fedha na zawadi. Jina lake lilikuwa la baruti ndogo yenye mshindo. Ubora wa michezo ile ulikuwa katika mtu wa pembeni aliyeingilia kati: jirani au mhudumu anayemwona binti akielekea pabaya, akamzuia mapema. Haukupita muda mrefu jina likaingia katika lugha ya kila siku, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuusikiliza mchezo wenyewe. Kabla ya hapo, mama muuza dagaa aliyemwona mzee akimvizia mwanafunzi alikuwa na njia mbili, kumtukana au kunyamaza, na kwa kawaida alinyamaza. Sasa alikuwa na neno. Angeweza kulitamka huku akicheka, mzee akatahayari, binti akapata upenyo wa kuondoka, na ugomvi usitokee.

Afrika Kusini walipata tendo badala ya neno. Mwaka 1999 tamthilia ya runinga ya Soul City iliwaonyesha majirani wakigonga masufuria nje ya nyumba ambamo mume alikuwa akimpiga mkewe. Watazamaji waliiga. Kugonga sufuria kulimsaidia jirani kuvunja ukimya pasipo kulazimika kuingia ndani ya nyumba ya mtu.

Baada ya hayo, ni vema kulitazama tatizo ambalo halijapata neno. Kwa miaka mingi wataalamu wa uzazi wamezungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito, mgawanyo uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Katika vijiji vya kandokando ya Tanganyika, ambako safari ni ya mtumbwi, aina ya pili ni adui wa kweli. Katubuka haina kisingizio hicho. Imo ndani ya manispaa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni imo katika manispaa hiyohiyo. Kinachobaki ni kuamua.

Chukua nyumba ambayo mwanamume anavua dagaa. Usiku wa kiza, mwezi usipoonekana, ndio usiku wa kazi. Yuko ziwani na taa zake hadi alfajiri, na huenda simu yake haipatikani. Mkewe, mjamzito wa miezi minane, analalamika kichwa kinapasuka, macho yanaona ukungu, uso umevimba. Hizo ni dalili za hatari za shinikizo la damu la ujauzito, na hatua inayofuata yaweza kuwa kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Hospitalini ipo dawa ya sindano ya magnesiamu salfeti, ya bei nafuu, inayozuia degedege. Nyumbani yupo mama mkwe, yupo shemeji wa miaka kumi na minane, yupo jirani. Wote wanaona kwamba mambo si mazuri. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema “twende”, kwa kuwa atakayesema atakuwa amemwamulia mwenye nyumba, na gharama zikija zitamwelekea yeye. Wanasubiri kuche.

Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilifanya kazi ya kuheshimika, hasa kwa ujumbe mfupi wa simu uliomfuata mjamzito mwezi kwa mwezi. Lakini jina lake ni maneno ya mtoto aliye tumboni. Yanagusa moyo, ila hakuna shemeji anayeweza kusimama sebuleni saa nane za usiku na kumwambia mama yake “wazazi nipendeni” akaeleweka. Hiyo ndiyo kasoro ya sehemu kubwa ya maneno yanayotungwa ofisini: hayana wa kuyasema.

Kinachohitajika ni mhusika. Awe mama mkwe, wala asiwe daktari. Mwanamke mkali, mcheshi, mwenye makosa yake, anayeonekana kila wiki mwaka mzima akigombana na majirani juu ya kuku na mipaka ya viwanja. Awe na kibwagizo anachokitumia hata katika mambo madogo, kila anapochoka kusubiri ruhusa ya mtu asiyekuwepo. Watazamaji wakishakizoea kwa kicheko, ndipo siku moja akitamke akiwa amemshika mkono mkamwana wake, bodaboda ikinguruma nje. Waandishi wa kampeni hukosa subira ya mwaka mzima. Wanataka dalili za hatari zitajwe katika sehemu ya kwanza, tena zote.

Tahadhari ni lazima, kwa maana maneno yanayonata hayachagui pa kunata. Mwanamume aweza kujiita fataki mwenyewe, kwa majivuno, na lawama ikamrudia binti. Virusi vya UKIMWI vilipewa mtaani majina ya “ngoma” na “miwaya”, na kila kichekesho kinachoyarudia humwongezea mtu mmoja sababu ya kutokwenda kupima. Kwa hiyo kibwagizo cha mama mkwe kisimcheke mgonjwa. Kimcheke anayesubiri.

Neno lenyewe halifai kutungwa Dar es Salaam. Huenda tayari lipo. Mwandishi wa tamthilia angepanda hadi Katubuka, akatafuta wanawake watano ambao waliwahi kumtoa mkamwana nyumbani usiku pasipo ruhusa ya mtu, akawauliza kila mmoja: ulipofika mlangoni, ulisema nini?