Saki ya unga haikushonwa juu ya mawe

Kila siku tunaziona mu barabara za Kolwezi: pikipiki imebeba saki tatu za mawe, mbili mu mbavu na moja juu ya kiti, zimefungwa na kauchu, na motari amesukumwa mbele mpaka juu ya tanki. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Papa, kazi ni kazi." Ndiyo, kazi ni kazi. Lakini leo tunataka kusema juu ya kitu ambacho hakuna mtu anakiangalia: ile saki yenyewe.

Kwetu sisi familia za wachimbaji, saki njo benki. Wamoja wako chini mu shimo, wengine ku kamba, wengine wanachagua na kuosha, na kazi yote ile inaishia mu saki. Ikipasuka njiani, ku depo hawalipi mawe yaliyobaki mu mavumbi. Wanalipa tu yale yanayofika ku mizani. Na kama inapasuka mu kona, uzito wote unahamia upande moja, pikipiki inalala. Pale hatuhesabu tena mawe, tunahesabu mifupa.

Juu ya nini zinapasuka? Juu saki tunazonunua sokoni zilishonwa kwa kubeba unga, mchele ao sukari. Saki yenye kujaa na kilo 50 za unga, ukiijaza mawe ya kuvunja, inapita kilo 100. Tena ni plastiki ya kufuma: jua linaimaliza nguvu, na saki iliyolala nje miezi mingi inapasuka kama jani kavu. Chini yake mara nyingi kuna mshono moja tu, wa uzi moja. Ukikatika pahali pamoja, wote unafunguka. Na ikigusa bomba la moshi la pikipiki, plastiki inayeyuka.

Dawa haiko mbali. Mafundi wa kushona wako ku masoko yetu, na bashi kuukuu za kamyo haziko haba. Tunaomba mifuko miwili ya bashi, moja kila upande wa pikipiki, yenye kuunganishwa na mikanda juu ya chuma cha nyuma. Kitambaa kishuke upande moja, kipite chini, kipande upande mwingine, bila mshono kule chini ambako uzito unalala. Mikanda nayo izunguke mfuko mzima. Isishonwe juu tu kama mkono wa kikapu. Mishono ya mbavu iwe miwili, na uzi wa nailoni. Pale panaposugua chuma, shona kipande cha kauchu ya tairi. Mfunuko ukunjwe na kufungwa vizuri, mvua isiingie na vumbi lisitoke. Na mfuko wote ukae mbali na bomba la moshi.

Wengine watatuambia: mkitoa mfuko wa nguvu, motari ataujaza zaidi. Wana haki ya kuogopa. Njo maana tunasema mfuko mzuri ni mfuko mdogo. Usishonwe kwa kipimo cha saki ya unga. Nusu yake inatosha. Ukijaa, umejaa. Uzito unabaki chini, sawasawa kushoto na kuume, na pikipiki inashika njia hata kukiwa matope.

Wengine watauliza: nani atalipa? Hapa tuseme wazi. Leo mchimbaji analipa saki, na ikipasuka analipa tena kwa mawe yaliyopotea. Mnunuzi anapokea mzigo na hajui umefikaje. Hiyo haiko haki. Koperative zinakata feza juu ya wanachama wao. Zitoe sehemu kidogo, ziwape mafundi wetu kazi ya kushona mifuko, ziiandike namba na kuikopesha kama vile wanavyokopesha pompe ya maji. Mfuko ni chombo cha kazi, sawa na nyundo na kamba.

Neno la mwisho ni kwa wote wa nyumbani. Tunajua saki iliyotoka ku shimo inapigwa-pigwa vumbi, halafu inarudi sokoni kubeba unga, ao inatandikwa chini watoto wakae. Tuache. Mu mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao wa Kasulo: watu wanaoishi kati ya mashimo walikuwa na kobalti nyingi mu mkojo na mu damu kuliko watu wa mtaa wa karibu, na kwa watoto ilizidi. Vumbi lile liko hata mu nyumba. Basi tusilisaidie kuingia mu bukari.

Mfuko wa mawe uwe na rangi yake, ulale nje ya nyumba, na usijue njia ya jikoni. Papa akirudi na mfuko mzima, na yeye mwenyewe mzima, siku hiyo njo tumepata faida.