Kitabu Kihukumiwe Baada ya Kusomwa

Upo ugonjwa mmoja unaoenea kimya kimya katika ofisi za umma na vyumba vya walimu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Mwananyamala na Kawe. Ni ugonjwa wa kuhukumu vitabu bila kuvisoma. Mwenye ugonjwa huu hutambulikana kwa urahisi. Likitajwa jina la riwaya mpya, hukunja uso, hutikisa kichwa, na kutamka kwamba vijana wanaharibiwa. Akiulizwa ni ukurasa gani uliomkera, hujibu kwamba ameambiwa. Akiulizwa huyo aliyemwambia alisoma ukurasa gani, hukasirika.

Siku hizi hukumu za namna hii huangukia zaidi aina mbili za maandishi. Aina ya kwanza ni hadithi za giza, yaani za vifo, kujiua, ubakaji, dawa za kulevya na kukata tamaa. Aina ya pili ni hadithi ambazo ndani yake wamo watu wanaowapenda wenzao wa jinsia yao. Aina hizo mbili hutiwa katika kapu moja, hupewa jina moja la uchafu, na kapu hutupwa. Wanaolitupa hujiita walinzi wa maadili. Ni haki basi kuwauliza walinzi hao wanamlinda nani, na dhidi ya nani.

Swali hilo lina historia katika nchi hii. Mwaka 1971 ilitoka riwaya ya Rosa Mistika, iliyoandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu. Ndani yake binti analelewa kwa kipigo na baba mlevi, anatoka nyumbani bila kujua lolote kuhusu dunia, anachezewa na wanaume wenye vyeo akiwemo mkuu wa chuo anachosomea ualimu, anatoa mimba, na mwisho anajiua. Hakuna anayeweza kusema kwamba hiyo ni hadithi ya furaha. Kilio kilizuka, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa jina la maadili.

Sasa itazamwe faida ya marufuku ile. Msichana aliyekuwa akiitwa nyumbani kwa mwalimu wake saa za usiku hakulindwa nayo. Mzazi aliyedhani kwamba fimbo ni malezi hakufundishwa nayo kitu. Aliyepata nafuu ni yule mwenye cheo aliyejiona katika kitabu na hakupenda sura aliyoiona. Kitabu kilichosimulia habari za mkuu wa chuo kilifungiwa. Wakuu wa vyuo wenye tabia ile hawakufungiwa. Ndivyo inavyokuwa kila mara kioo kinapovunjwa kwa sababu ya uso.

Baadaye riwaya hiyo hiyo ilikubaliwa. Ikaingia katika sekondari na vyuo, walimu wakaifundisha, wanafunzi wakaifanyia mitihani. Kezilahabi alipofariki dunia Januari 2020, aliombolezwa kuwa mmoja wa magwiji wa fasihi ya Kiswahili. Rosa hakubadilika katika miaka hiyo yote. Waliobadilika ni wasomaji, na walibadilika kwa sababu hatimaye walikisoma kitabu. Miaka iliyopita katikati ilikuwa hasara tupu, na hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu za ofisi yoyote.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba giza la leo limezidi. Hoja hii haisimami hata kidogo mbele ya mwalimu yeyote wa Kiswahili wa Temeke au Kinondoni. Mwalimu huyo ameifundisha Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, iliyotoka mwaka 2002. Katika riwaya hiyo watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa ada, wanaokota vitu jalalani, na wengine wanaingia katika biashara ya dawa za kulevya, yote hayo yakitendeka katika jiji hili hili. Mwalimu huyo ameifundisha pia Takadini ya Ben Hanson, ambamo mtoto anazaliwa na ualbino katika jamii ambayo mila yake inataka auawe, na mama anakimbia naye ili aishi.

Takadini inastahili kutafakariwa na kila anayetumia neno mila kama rungu. Mama wa Takadini alivunja mila. Alivunja desturi ya ukoo, amri ya wazee na utii wa mke kwa mume. Kwa kipimo cha walinzi wa jalada, kitabu hicho kingepaswa kuchomwa. Badala yake kimesomwa na maelfu ya watoto wa Tanzania, katika nchi ambayo yenyewe iliona watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa, hasa katika miaka ya 2007 na 2008. Je, kitabu hicho kiliharibu maadili au kiliyatetea? Jibu linajulikana. Basi ikubalike kwamba mila ni kitu cha kupimwa, na kwamba fasihi ni mojawapo ya mizani ambazo taifa linazo. Hakuna anayevunja mizani kwa sababu ya uzito uliowekwa juu yake.

Hapana budi kusema la haki kuhusu upande wa pili. Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu, kupitia kwa Waziri Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume cha mila, desturi na maadili ya Kitanzania. Wazazi nao walitakiwa wakague mabegi ya watoto wao. Kwamba Serikali ina wajibu wa kuchagua kinachowekwa mbele ya mtoto wa miaka minane ni jambo lisilo na ubishi. Kila nchi hufanya hivyo, na mzazi asiyejua mwanawe anasoma nini hana haki ya kulalamika.

Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kumchagulia mtoto mdogo na kumkataza mtu mzima. Agizo linalohusu vitabu 16 ni agizo la vitabu 16. Afisa anayeligeuza kuwa ruhusa ya kuogopa kila riwaya yenye mapenzi, kila tamthilia yenye kifo, na kila mwandishi asiyemfahamu, hatekelezi agizo. Anatekeleza hofu yake mwenyewe na kuipiga mhuri. Ikumbukwe pia kwamba miezi miwili tu baadaye, Aprili 2023, Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyo chini ya wizara hiyo hiyo, ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Taifa linalowapa waandishi tuzo kwa mkono mmoja haliwezi kuwaruhusu watumishi wake wawazibe waandishi midomo kwa mkono wa pili.

Sasa lije lile linalosemwa kwa kunong'ona. Inadaiwa kwamba hadithi zenye watu wa mapenzi ya jinsia moja ni bidhaa ya kigeni, iliyoletwa ili kuivuruga Afrika Mashariki. Dai hili linarudiwa sana, na ndiyo maana linafaa kupimwa kwa vitabu vyenyewe.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Nchi nzima ilifurahi na kumwita mwana wa nyumbani. Mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise ilitolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota hapa Dar es Salaam, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni habari za mvulana wa miaka 12 anayetolewa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Katika riwaya yake nyingine, By the Sea ya mwaka 2001, mfanyabiashara kutoka Ghuba anaingia katika nyumba ya familia moja ya Unguja, anamrubuni kijana wa nyumba hiyo na kuondoka naye, huku nyumba yenyewe ikiwa imewekwa rehani. Mambo hayo hayakuandikwa na mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Yameandikwa na mtu anayezijua bandari za pwani, misimu ya pepo zake, na siri za nyumba zake. Haiwezekani kumpokea Gurnah uwanjani kwa vigelegele na kuyafukuza anayoyasema.

Nchini Uganda, Monica Arac de Nyeko aliandika hadithi fupi ya Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Wasichana wawili wa mtaa wa nyumba za Nakawa wanapendana, na jirani mwenye ulimi mrefu anayafanya maisha yao kuwa mazungumzo ya mtaa mzima. Anayeisoma hadithi hiyo akiwa Keko au Tandale atamtambua mara moja yule jirani. Kila mtaa unaye. Hadithi hiyo inauliza swali lililo gumu kuliko lile la nani kampenda nani, nalo ni hili: majirani wana haki gani ya kuyavunja maisha ya mtoto wa mtu kwa ulimi?

Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi hiyo, ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2018. Mahakama iliporuhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu mwezi wa Septemba mwaka huo huo, kumbi za Nairobi zilijaa. Wapigaji marufuku waliifanyia filamu ile kazi ya kuitangaza ambayo mwenye filamu asingeweza kuilipia.

Walinzi watauliza: je, sheria? Sheria za nchi zinajulikana, wala riwaya haifuti kifungu chochote. Riwaya si muswada. Anayesoma habari za mwizi hajawa mwizi, na mwandishi aliyemwandika mlevi Zakaria, baba wa Rosa, hakuwa akiuza pombe. Kumwandika mtu ni kumtazama. Lugha ya Kiswahili yenyewe ni shahidi: wanawake wa pwani huitana shoga kwa maana ya rafiki, na neno lile lile likitoka katika kinywa kingine huwa tusi la kumfukuzisha mtu nyumba ya kupanga. Neno ni moja. Tofauti imo katika moyo wa msemaji. Mwandishi mzuri huuonyesha moyo huo, na pengine ndilo kosa asilosamehewa.

Mwalimu wa sekondari alielewe hili kwa mapana yake. Mvulana mwenye sauti laini, au msichana asiyependa anayotarajiwa kupenda, hupigwa na kuzomewa uwanjani pasipo kitabu chochote kumfundisha mtu yeyote kumpiga. Fununu inatosha. Mtoto huyo akiacha shule, hakuna kamati inayokaa kujadili maadili ya waliompiga. Kitabu kinachoweza kumfanya mwanafunzi mmoja asirushe jiwe kimefanya kazi ambayo gwaride la asubuhi limeshindwa kuifanya.

Hayo yote hayana maana kwamba kila kitabu cha giza ni kizuri. Zipo hadithi zinazouzwa kwa vipande, hasa kwa njia ya simu, ambazo humwaga damu kila sura ili mnunuzi alipie sura inayofuata. Wapo pia waandishi wanaoirundika misiba ya Afrika kama mhogo sokoni, wakitazama meza za watoa tuzo wa Ulaya kuliko wasomaji wa Temeke. Kazi za namna hiyo zisemwe wazi kwamba ni mbovu, na zisemwe kwa ukurasa na aya. Giza la Kezilahabi katika Kichwamaji ya mwaka 1974 lina swali ndani yake, maana msomi anauliza elimu yake imemfaa nini. Giza lisilouliza kitu ni taa iliyozimwa tu. Kazi ya mhakiki na mwalimu ni kuitambua tofauti hiyo, na haiwezi kutambulika kwa kulitazama jalada.

Mtumishi wa umma anaufahamu utaratibu. Mhasibu haidhinishi malipo bila kuiona hati. Hakimu hamfungi mtu bila kusikiliza mashahidi. Daktari hakati mguu kwa kusimuliwa. Ni kwa nini basi kitabu, ambacho kimemchukua mtu miaka kukiandika, kihukumiwe kwa neno la mpita njia?

Wakati umefika utaratibu huo ufuatwe katika vitabu pia. Mkuu wa shule anayetaka kuiondoa riwaya katika kabati aandike jina lake, aandike ukurasa, aandike sababu, na asaini. Mkaguzi naye akisome kitabu chote kabla ya kukubaliana naye. Mwalimu anayekiona kitabu kuwa kigumu kwa Kidato cha Pili akiweke kando kwa ajili ya Kidato cha Sita, badala ya kukifungia stoo pamoja na majembe mabovu. Mzazi wa Mbagala anayelikagua begi la mwanawe na akakikuta kitabu, akae nacho jioni moja akisome kabla ya kwenda kulalamika shuleni. Huenda akakirudisha kwa hasira, na hiyo itakuwa haki yake, kwa kuwa sasa atakuwa anajua anachokikasirikia.